Uliza Fundi Taa: Umebadilisha meza mara mbili, waya je?

Barua za safari hii nimezisoma zote, na kama nusu hivi zinasema kitu kimoja kwa maneno tofauti: taa zinasumbua, basi meza ya taa (kile kidhibiti chenye vitelezi tunachoendeshea taa) ni mbovu, ninunue ipi? Jamani. Meza ndo kitu cha mwisho kuharibika kwenye ukumbi. Twende.

Fundi, shikamoo. Naendesha taa za kikundi cha ngoma na maigizo. Tuna taa za LED aina ya PAR (paa) 12 zimefuatana kwenye laini moja. Nne za mwanzo hazina neno, kuanzia ya tano zinapepesa, na ile ya mwisho inajiwasha nyekundu yenyewe hata nikishusha kila kitu. Meza nimebadilisha mara mbili, hali ni ileile. Kuna mtu kaniambia hizi meza ndogo haziwezi taa 12, nitafute kubwa. Ni kweli? – Nimechoka Kupepesa

Marahaba. Si kweli, na hela yako iache ilipo. Umeshabadilisha meza mara mbili na ugonjwa haujahama, sasa hiyo ya tatu itafanya nini?

Hujasema unatumia kebo gani ila nitabahatisha: ni kebo za maiki. Watu wengi tunafanya hivyo kwasababu plagi ni ileile ya pini tatu, inaingia vizuri kabisa, na taa zinawaka, kwahiyo mtu anaona mambo sawa. Lakini DMX, yaani ile lugha meza inayoongea na taa, inakimbiza biti 250,000 kila sekunde. Kebo ya maiki imetengenezwa kubeba sauti, na sauti ambayo sikio linasikia inaishia kama mitetemo 20,000 kwa sekunde. Kwenye laini fupi yenye taa tatu nne inavumilia. Ukiongeza urefu na taa, ndo yanaanza hayo unayoyaona. Kebo ya DMX yenyewe imetengenezwa kwa kipimo cha omu 120 hivi, na za maiki nyingi ziko chini ya hapo.

Jambo la pili, mwisho wa laini. Umewahi kuongea kwenye ukumbi mkubwa mtupu, neno lako la kwanza linakurudia wakati we uko kwenye la pili? Kwenye waya ni hivyohivyo, umeme wa ile data ukifika mwisho na usikute wa kuumeza unageuka unarudi, unagongana na ule unaokuja. Taa ya mwisho inasikia sauti mbili kwa mpigo na inachagua yoyote, ndo hiyo nyekundu yako. Dawa yake inaitwa terminata na unaweza kuitengeneza mwenyewe: chukua plagi ya XLR (ile ya pini tatu) dume, solda rezista ya omu 120 kati ya pini ya 2 na ya 3, pini ya 1 iache wazi, funga, chomeka kwenye tundu la kutokea la taa ya 12. Basi. Rezista ya robo wati inatosha.

Ila sasa wewe umenipa dokezo moja zuri sana, kwamba tatizo linaanzia taa ya tano. Kama ingekuwa ni terminata peke yake pengine vurugu ingekuwa haina mpaka safi hivyo. Mi ningeanza na kebo iliyo kati ya taa ya nne na ya tano, niitoe niweke nyingine. Ikishindikana, ruka taa ya nne kabisa, toa kebo kwenye ya tatu ipeleke moja kwa moja kwenye ya tano, maana inawezekana ni tundu la kutokea la ile ya nne limelegea kwa ndani.

Kama una multimita, zima kila kitu, chomeka terminata mwisho, alafu chomoa kebo ile inayotoka kwenye meza na upime kati ya pini ya 2 na ya 3. Ukisoma karibu na 120, au pungufu kidogo tu, laini iko mzima. Ikisoma maelfu ya omu, au haisomi kabisa, kuna mahali pamekatika. Ikisoma 60, kuna terminata mbili, pengine moja imo ndani ya taa na hukujua.

Naongea hivi kwasababu yalinikuta. Kuna siku, lisaa limoja kabla watu hawajaingia, mi nimefungua meza nzima, skrubu nimezipanga juu ya kitambaa, jasho linatiririka, nasafisha ndani kwa brashi. Mwenzangu akaja kuniuliza mbona ile kebo imekaliwa na mguu wa jukwaa. Kwa nje mpira wake haukuwa hata na mkwaruzo, ndani waya wa pini ya 3 umekatika. DMX inatumia waya mbili zinazobeba kitu kilekile kwa kinyume, sasa mmoja ukifa haizimiki moja kwa moja, inabaki inasikika nusunusu, na hapo ndo taa zinapepesa kama za kwako. Skrubu moja ya ile meza sikuiona tena mpaka leo.

Alafu, kabla sijasahau, usigawe laini kwa kile kikebo cha umbo la herufi Y. Kama lazima laini igawanyike mara mbili, moja kulia moja kushoto, tumia splita ya DMX, na kila mguu wake uwe na terminata yake. Na kwenye mguu mmoja usipitishe vifaa 32.

Habari Fundi. Tumenunua muvingi hedi (taa zinazogeuza shingo zenyewe) mpya mbili tukazichomeka kwenye boksi la dima (la kupunguzia mwanga) ambalo lilikuwa la taa za zamani. Zinawaka zikifika juu kabisa, nikishusha kidogo zinajirestati. Nikiweka dima asilimia 100 na nisiiguse kuna ubaya? – Kijana wa Mitambo

Kuna ubaya. Zichomoe leo, usingoje kumaliza kusoma hii safu.

Dima haishushi umeme kama unavyofunga bomba la maji. Inakata vipande vya wimbi, kila wimbi linapopanda inasubiri kidogo ndo inaruhusu. Taa ya zamani yenye uzi unaowaka haijali. Muvingi hedi ina pawasaplai ya kielektroniki, mota, feni na ubao wa kompyuta, vyote vinataka umeme uliotulia. Na hata ukiweka 100, hilo boksi bado liko katikati linakata kidogo, tena siku mtu akigusa kitelezi bahati mbaya umeua taa mbili. Muvingi hedi, paa za LED na mashine za moshi zinakula soketi ya kawaida ya ukutani, mwanga wake unaushusha kwa DMX peke yake.

Fundi mambo vipi, nina muvingi hedi nne, nimezipa adresi 1, 2, 3 na 4 kama kawaida lakini nikiinua shingo ya kwanza, ya tatu inazunguka pembeni! Nimerisetisha zote. Zangu ni zile za visu vidogo nyuma (viswichi vya kupandisha na kushusha), hazina skrini. – Mama Taa

Hahaa, dada yangu, hizo taa zinakutii vizuri tu, we ndo umeziambia zisikilizane.

Adresi siyo namba ya taa. Adresi ni chaneli (njia yenye namba, inayobeba amri moja) ambayo taa inaanzia kusikiliza. Tuseme taa zako ziko kwenye modi ya chaneli 16: ya kwanza ukiipa 1 inasikiliza 1 mpaka 16. Ya pili umeipa 2, kwahiyo inasikiliza 2 mpaka 17. Ya tatu, 3 mpaka 18. Sasa wewe ukisukuma chaneli ya 3, ambayo kwa taa ya kwanza ni kuinamisha shingo, kwa taa ya tatu hiyohiyo ndo chaneli yake ya mwanzo, kuzunguka pembeni. Unaona? Imefanya ulichoiambia.

Adresi zako ziwe 1, 17, 33 na 49. Hivyo visu vidogo kila kimoja kina thamani yake na kila cha mbele ni mara mbili ya cha nyuma: 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128, 256. Unapandisha vile ambavyo jumla yake inakupa adresi. 17 ni 16 na 1, basi pandisha kisu cha tano na cha kwanza. 33 ni 32 na 1, cha sita na cha kwanza. 49 ni 32 na 16 na 1, cha sita, cha tano na cha kwanza. Kile cha kumi kama kipo, mara nyingi ni cha kuchagua modi, kisome kwenye kikaratasi cha taa usikichezee.

Na hiyo modi ndo mtego mwingine. Ukimwambia meza kwamba taa ni ya chaneli 16 na yenyewe umeiweka ya 14, kila kitu kitahama na utaanza kutafuta mchawi. Laini moja inabeba chaneli 512, zikiwa za 16 kila moja utapata taa 32 ndo imejaa. Andika adresi kwa maka peni kwenye kipande cha tepu, bandika chini ya taa, utanikumbuka siku uko juu ya ngazi.

Kwenye igizo letu kuna jua linazama taratibu, sekunde 20. Kwa taa za zamani ilikuwa nzuri sana, watu walikuwa wananyamaza. Tumehamia LED, sasa mwishoni jua linashuka kwa kurukaruka kama linateremka ngazi. Mwongozaji ananitolea macho mimi. – Msaidizi wa Jukwaa

Mwambie mwongozaji macho yake ni mazuri, maana ngazi zipo kweli. Chaneli moja ya DMX ina hatua 256 tu, kuanzia 0 mpaka 255. Kwa sekunde 20 ni kama hatua 13 kwa sekunde. Huku juu huzioni, kutoka 200 kwenda 199 nani atajua. Kule chini, kutoka 3 kwenda 2 umeondoa theluthi nzima ya mwanga kwa mkupuo mmoja na kila mtu anaona. Taa ya zamani ilikuwa inaficha hii dhambi kwasababu uzi wake ukipunguziwa umeme unapoa polepole, unazipitia hizo hatua kama mtu anayeteremka mteremko. LED haina subira, ukiiambia 2 inakuwa 2 papo hapo.

Angalia menyu ya taa kama ina modi ya biti 16 kwa dima. Hapo inatumia chaneli mbili kwa mwanga, moja ya hatua kubwa moja ya hatua ndogondogo, na zinakuwa hatua 65,536. Ukishaibadilisha kwenye taa, kwenye meza nako chagua modi hiyohiyo. Kama taa haina, tafuta sehemu ya kasi ya dima, taa nyingi zina chaguo la kujifanya taa ya zamani, inashuka kwa kujivuta. Kama haina hata hiyo... bakiza taa moja ya zamani kwa ajili ya hilo jua. Mi sioni aibu kabisa kuchanganya, na rangi yake inapokaribia kuzima inakuwa ya chungwa yenyewe bila kuambiwa, LED mpaka uipangie.

Mzee, nataka kuachana na kebo za DMX nitumie leptopu na kebo ya netiweki. Nimenunua nodi (kile kiboksi cha kugeuza data ya netiweki iwe DMX), nimeweka programu, programu inasema inatuma, kitaa cha nodi kinameremeta, lakini jukwaani giza. Na hizi njia mbili za kupitisha DMX kwenye netiweki, Art-Net na sACN, tofauti yake nini hasa? – Mr. Giza

Kitaa kikimeremeta ujue data inafika nodi, kazi kubwa umeshafanya. Nakuwekea dau kosa lako ni la kuhesabu. Kile kifurushi cha chaneli 512 kinaitwa yuniversi, na Art-Net inahesabu kuanzia 0 wakati sACN inaanzia 1. Sasa kuna programu zinakuonyesha 1 huku zinatuma 0, nyingine zinakuonyesha ukweli ulivyo, na nodi nayo ina mawazo yake. Kwahiyo leptopu inapiga kelele chumba namba 0, nodi imekaa namba 1 inasubiri. Shusha au pandisha namba moja upande mmoja tu, uone.

Art-Net ni ya 1998, ilitolewa na kampuni ya Artistic Licence ya Uingereza, na kila kitu sokoni kinaielewa, hata nodi za bei chee. sACN ilikuja baadaye kama kiwango rasmi, E1.31. Mi kwenye onyesho lenye meza zaidi ya moja nachagua sACN, sababu ina kipaumbele: kila mtumaji anajitangaza na namba kati ya 0 na 200, kawaida ni 100, mwenye namba kubwa ndo anasikilizwa. Meza kubwa unaipa 150, leptopu ya akiba 100, meza ikizimika nodi inahamia kwa leptopu yenyewe. Kwa ukumbi wa yuniversi moja au mbili tumia yoyote, usijichoshe.

Lakini nisikilize vizuri hapa. Usiitume kwa waifai ambayo watazamaji nao wameunganisha simu. Mchana kwenye mazoezi itafanya kazi vizuri sana, utafurahi, usiku watu wakijaa kila mmoja na simu mkononi ndo utajua. Weka swichi yako ya netiweki, kebo kutoka leptopu, kebo kwenda nodi, na intaneti isiwepo humo. Zima waifai ya leptopu kabisa, maana programu nyingine inatuma data kupitia waifai na wewe umechomeka kebo, na faiawoli nayo iruhusu ile programu. Kebo za DMX hazijaisha, kutoka nodi kwenda kwenye taa ni zilezile na terminata ni ileile.

Nimebadilisha rangi ya kyu (mpangilio wa taa uliosevu kwenye meza) ya 12 tu, kuanzia 13 mpaka 20 nazo zimebadilika. Meza imerogwa? – Wa Mazoezini

Haijarogwa, inafuatilia. Meza nyingi za maigizo haziandiki hali ya kila taa kwenye kila kyu, zinaandika kilichobadilika tu. Taa ikiambiwa iwe bluu kyu ya 12 itabaki bluu mpaka kyu nyingine iiambie vingine, wewe ukaigeuza kijani, basi kijani inatiririka mpaka pale patakapokuwa na amri mpya. Unaposevu tafuta chaguo la kusevu kyu hiyo peke yake, lipo. Na mwanzo wa kila tendo weka kyu moja inayoandika kila kitu upya, iwe kama ukuta.

Na usilalamike sana, dogo. Taa za Broadway, zile kumbi kubwa za maigizo za New York, zilikuwa zinaendeshwa kwa watu kuvuta vishikio kwa mikono nyuma ya jukwaa mpaka 1975, mbunifu wa taa Tharon Musser alipopeleka meza yenye kumbukumbu kwenye igizo la muziki la A Chorus Line.

Mpiga video wetu analalamika kuna mistari inapanda kwenye picha taa zikishuka. Kwa macho hatuoni kitu. – Nyuma ya Pazia

LED nyingi zinapunguza mwanga kwa kujiwasha na kujizima haraka mno, jicho linadanganyika, kamera haidanganyiki. Ingia menyu ya taa, tafuta masafa ya PWM (kasi ya huko kujiwasha na kujizima), yapandishe kadiri yanavyokwenda. Kama taa haina hiyo sehemu, mpiga video apunguze kasi ya shata. Na mfanye jaribio na mwanga ukiwa chini, siyo ukiwa 100, kwasababu kwenye 100 zote zinapendeza.

Fundi, ukumbi wetu una pazia zito la mota, na kuna mashine ya moto wa jukwaani tunaazima. Vyote vina tundu la DMX au vinaweza kuwekewa. Naona rahisi kuweka vyote kwenye meza ya taa nibonyeze kitufe kimoja. Unasemaje? – Mpenda Urahisi

Nasema hapana, na hapa sina utani.

DMX inatuma namba na kusahau. Haina njia ya kuhakiki kwamba namba iliyofika ndo iliyotumwa. Kwenye taa kosa la namba moja ni mpepeso wa mara moja, data nyingine inakuja nyuma yake mpaka mara 44 kwa sekunde, hakuna aliyeumia. Kwenye moto, huo mpepeso wa mara moja ni mlipuko usiotarajiwa na mtu kasimama mbele yake. Kiwango chenyewe cha DMX kimeandika kwamba isitumike kuendesha fataki wala vitu vya hatari vya namba hiyo.

Na pazia ni hivi: chomoa kebo ya DMX kwenye taa ikiwa inawaka, taa nyingi hazizimi, zinashikilia amri ya mwisho. Haya, sasa amri ya mwisho ilikuwa "panda" na kebo imechomoka. Mota itapanda mpaka wapi?

Kama mashine ya moto ina DMX, basi lazima kuwe na swichi ya pili iliyo mbali na meza, mkononi mwa mtu aliyefundishwa ile mashine na anayeliona jukwaa lote, bila yeye kushikilia hakuna kinachotoka. Mota ya pazia iwe na kidhibiti chake, swichi za mwisho juu na chini, na kitufe chekundu kinachokata umeme wa mota moja kwa moja bila kupitia kompyuta yoyote. Utatumia vitufe vitatu na watu watatu mnaoambizana kwa intakomu. Taa za kulimulika hilo pazia, hizo ziweke kwenye meza bila wasiwasi.